Upofu wa kurithi: Tiba mpya yanukia, lakini usiuze shamba

Mwaka jana mama mmoja alimleta mwanawe wa umri wa miaka 22 kwenye kliniki yangu. Ombi lake lilikuwa la ajabu kidogo. "Daktari, mpime damu nijue kama ni pombe au ni bangi," aliniambia, huku kijana ameinamisha kichwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kila magharibi ikiingia, kijana huyo hugonga viti na kukanyaga watoto walioketi chini. Wiki moja kabla ya kuja kwangu alikuwa ametumbukia katika mtaro ulio wazi karibu na steji ya matatu, na makanga wakamcheka wakisema amelewa chakari. Lakini mchana huwa mzima kabisa, na gazeti hulisoma hata zile herufi ndogo za matangazo.

Sikuhitaji damu yake. Nilimwonyesha ubao wa herufi akausoma hadi mstari wa chini bila kukosea. Kisha nikamwambia atazame pua yangu bila kugeuza macho, nami nikaleta kidole polepole kutoka upande wa sikio lake. Ukijaribu jambo hili na mwenzako, atakiona kidole kikiwa bado mbali ubavuni. Kijana huyu hakukiona hadi kilipokaribia pua yangu. Nilipouliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye shida ya macho, mama alinyamaza. Baadaye akasema kwamba kaka yake, yaani mjomba wa kijana, alipofuka kabla ya kufika miaka 45, na watu wa kijijini wakasema amerogwa kwa sababu ya mzozo wa mpaka wa shamba.

Nilimtuma kijana kwa daktari wa macho, na majibu yakarudi jinsi nilivyohofia: retinitisi pigmentosa. Wiki mbili hivi baadaye mama alirudi peke yake. Mpwa wake aliye Marekani alikuwa amemtumia kwa simu habari za tiba mpya ya kitu kiitwacho maikro-RNA, ambayo imezuia panya wasipofuke. "Daktari, tuna ekari mbili. Tuuze tumpeleke?" aliniuliza.

Swali hilo halikuwa la mama huyo peke yake, ndiyo maana nimeonelea nilijibu hapa kwa urefu.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Ndio unaopokea mwangaza na kuugeuza kuwa ujumbe wa umeme ambao hupelekwa kwenye ubongo. Kazi hiyo hufanywa na seli za aina mbili. Kuna zile zenye umbo la fimbo, ambazo ni zaidi ya milioni 90 katika kila jicho. Hizi hutusaidia kuona penye mwangaza hafifu na kuona mambo ya pembeni. Halafu kuna zenye umbo la koni, ambazo ni kama milioni 5 au 6 tu, na zimesongamana zaidi katikati ya retina. Kwa hizi tunaona rangi, tunasoma na kutambua nyuso za watu.

Katika ugonjwa huu fimbo ndizo hufa kwanza, pole pole, kwa miaka mingi. Mgonjwa huanza kwa kutoona vyema jioni. Kisha pembe za macho hufunga hadi anakuwa kama mtu anayechungulia dunia kupitia kwenye bomba. Anaweza kusoma ujumbe kwenye simu yake na bado akagongana na nguzo ya stima. Watu wasiojua humwita mlevi, mwenye maringo au mzembe. Mwishoni koni nazo hufa, ingawa mara nyingi hazina kasoro zenyewe. Koni hutegemea fimbo kwa lishe na ulinzi, na fimbo zikishakwisha koni hubaki mayatima.

Jina la ugonjwa huu linapotosha. Mwisho wake unafanya mtu adhani ni uvimbe au maambukizi, kama vile tonsilaitisi. Nimewahi kuona wagonjwa waliotumia matone ya macho ya dukani kwa miezi mingi, mengine yakiwa na steroidi. Matone hayo hayasaidii retina hata kidogo, na yakitumiwa ovyo kwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho, ambayo huweza kupofusha mtu kwa njia nyingine kabisa.

Ugonjwa unatokana na jeni, yaani maagizo tunayorithi kutoka kwa wazazi. Duniani humpata takriban mtu mmoja kati ya kila 4,000. Ukichukua hesabu ya watu ya mwaka 2019, iliyotukuta Wakenya milioni 47 na ushei, uwiano huo ungekuwa sawa na watu karibu 12,000 hapa nchini. Jeni zinazohusika si moja wala mbili. Zilizokwisha kutambuliwa zimepita 80. Kuna familia ambazo mzazi mmoja mgonjwa hupitisha hitilafu kwa nusu ya watoto, kwa wastani. Kuna nyingine ambazo wazazi wote wawili ni wazima lakini kila mmoja amebeba hitilafu kimya kimya, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Aina hii huonekana zaidi pale binamu wanapooana, desturi ambayo baadhi ya jamii zetu bado zinayo.

Katika familia ya yule kijana, nilishuku aina ya tatu. Mjomba upande wa mama na mpwa wake wa kiume wakiugua, ilhali mama mwenyewe haoni shida kubwa, mara nyingi hitilafu imo katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hivyo iliyo nzima humkinga. Mwanamume anayo moja tu. Mama aliponiuliza kama ni yeye aliyempa mwanawe ugonjwa, nilimweleza kwamba hakuna mzazi anayechagua jeni za kumrithisha mtoto, na kwamba yeye mwenyewe alipewa bila kuulizwa. Nadhani hilo lilimsaidia zaidi kuliko dawa yoyote niliyowahi kumwandikia. Kule kwao, neno la uchawi lilikuwa limetenganisha nyumba mbili kwa miaka.

Tuje sasa kwenye tiba. Mwezi Desemba 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya jeni kwa upofu wa kurithi, iitwayo Luxturna. Madaktari huchukua virusi visivyodhuru, wakavipakia nakala nzima ya jeni iliyoharibika, kisha wakavidunga chini ya retina. Inafanya kazi. Wapo watoto waliokuwa hawawezi kutembea gizani ambao sasa hutembea. Lakini dawa hiyo hurekebisha jeni moja tu, iitwayo RPE65, ambayo ndiyo chanzo cha sehemu ndogo sana ya wagonjwa wote. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho yote mawili, pesa ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 100.

Sasa fikiria kazi iliyopo. Jeni 80 zahitaji dawa 80, kila moja kwa bei kama hiyo. Isitoshe, ni lazima kwanza upimwe ujulikane una hitilafu ipi, na vipimo hivyo kwa Mkenya wa kawaida ni ghali na sampuli mara nyingi hupelekwa nje. Hata ukipimwa, vitabu vya kulinganishia matokeo vimejazwa zaidi na jeni za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hivyo Mwafrika huweza kuambiwa kwamba hitilafu yake haijulikani maana yake.

Hapo ndipo maikro-RNA inapopata umuhimu.

Chukulia kila seli ya mwili kuwa ofisi kubwa. Ndani mna chumba cha faili ambamo maagizo yote yamehifadhiwa; hizo ndizo jeni. Faili yenyewe haitoki chumbani. Kinachotoka ni nakala, ambayo tarishi huibeba hadi karakana inakotengenezwa protini, na protini ndizo zinazofanya kazi zote za seli. Nakala hiyo ni aina ya RNA. Nilipokuwa chuoni, mengi tuliyofundishwa kuhusu njia hii yaliishia hapo.

Kumbe njiani kuna karani. Karani huyu ni kipande kifupi mno cha RNA, chenye herufi kama 22, ilhali nakala ya kawaida huweza kuwa na maelfu. Hasomi agizo lote. Huangalia sehemu fulani ya nakala, na ikilingana na herufi zake huishika, ikachanwa au ikaachwa mezani bila kufanyiwa kazi. Huyo ndiye maikro-RNA. Kwa kazi yake protini nyingine hupungua, nyingine huachwa ziongezeke, na ofisi ikaenda kwa mpango.

Karani wa kwanza aligunduliwa na Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 1993. Walikuwa wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja hivi. Wanasayansi wengi hawakujali. Walidhani ni kioja cha mnyoo huyo tu. Mwaka 2000 Ruvkun na wenzake wakaonyesha maikro-RNA nyingine ambayo ipo kwa wanyama wa kila namna, binadamu akiwemo. Leo zinazojulikana kwa binadamu zimepita elfu moja, na mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Retina inawategemea sana makarani hawa. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa kutoka Uswisi walieleza kwamba panya waliokomaa wakiondolewa maikro-RNA katika koni zao, ile sehemu ya koni inayonasa mwangaza hupotea. Waliporudishiwa mbili tu, namba 182 na 183, hasara hiyo ilizuilika. Mwaka uliofuata ikaelezwa familia moja kubwa ambamo herufi moja tu iliyobadilika katika maikro-RNA namba 204 ilikuwa chanzo cha ugonjwa wa retina uliorithiwa kizazi hadi kizazi. Herufi moja, katika karani mwenye herufi chache hivyo!

Kazi iliyonivutia zaidi imefanywa nchini Italia, katika taasisi ya utafiti wa jeni ya Telethon iliyoko Pozzuoli karibu na Naples. Watafiti hao wameshughulikia makarani wawili ndugu, 181a na 181b. Hawa huzuia nakala zinazohusu mitokondria, zile jenereta ndogo ndani ya kila seli. Seli ya retina hutumia nguvu nyingi ajabu, na inapougua jenereta zake huharibika, zikawa kama lile jenereta kuukuu la jirani linalotoa moshi mwingi kuliko stima. Seli hujaribu kuondoa mabovu na kuunda mapya, lakini makarani 181 huibana.

Wataliano walitengeneza kitu wanachokiita sifongo. Ni kipande cha RNA chenye herufi zile zile ambazo karani huzitafuta, zimerudiwa rudiwa. Kikiingizwa katika seli kwa kutumia virusi visivyodhuru, makarani hukimbilia kukishika na kuacha nakala halisi zipite. Jenereta mabovu yakazolewa, mapya yakaundwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba panya wagonjwa waliotibiwa hivyo walibakiwa na seli nyingi za kuonea na waliona vyema kuliko wenzao ambao hawakutibiwa.

Jambo la kuzingatia ni hili. Panya hao hawakuwa na hitilafu ya jeni moja. Wengine walikuwa na ile ya kurithiwa kwa mzazi mmoja, wengine ile ya wazazi wote wawili, na dawa ilikuwa ile ile. Kundi hilo hilo la Italia lilikuwa limejaribu kinyume chake mwaka 2020: badala ya kupunguza karani, waliongeza maikro-RNA namba 204 katika panya wenye hitilafu tofauti, na uharibifu wa retina ukapungua, pamoja na ghadhabu ya seli za ulinzi ambazo huvamia retina inayokufa.

Kwa maneno mengine, tiba hii haiulizi kwanza ni jeni gani iliyoharibika. Huisaidia seli iliyo taabani iendelee kuishi, hata kama chanzo cha taabu hakijaondolewa. Kwa nchi kama yetu, ambako wagonjwa wengi hawatapimwa jeni karibuni, tiba ya namna hiyo ingewafikia watu ambao Luxturna haiwezi kuwafikia. Ndiyo maana naifuatilia kwa hamu.

Lakini panya si binadamu. Panya huishi miaka miwili hivi, na retina yake haina ile sehemu ya katikati tunayosomea sisi. Jicho lake ni dogo kama punje ya pilipili manga, kwa hivyo tone moja la dawa hulienea. La binadamu halienei kwa urahisi hivyo. Pia karani mmoja hushughulikia mamia ya nakala. Ukimfunga mikono ili upate faida moja, huenda umefungua milango mingine usiyoitaka, na dawa inayobebwa na virusi hukaa ndani ya seli kwa miaka, si tembe utakayoacha kumeza ukiona mwili umevimba. Mwaka 2016 majaribio ya dawa nyingine ya maikro-RNA, iliyokuwa ya saratani na ikitiwa mshipani, yalisimamishwa nchini Marekani baada ya wagonjwa kadhaa kupatwa na madhara makali ya kinga ya mwili. Jicho ni kiungo kilichojitenga kidogo na mwili, na dozi yake ni ndogo, lakini onyo hilo halipuuzwi.

Hadi ninapoandika makala haya, hakuna dawa ya maikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu ugonjwa huu kwa binadamu. Na hata itakapofika, kazi yake itakuwa kuokoa seli zilizo hai. Haitafufua zilizokufa.

Kwa hivyo nilimjibu yule mama: "Mama, usiuze. Hakuna mahali pa kumpeleka." Kuuza shamba ili ufuate majaribio ya panya ni kununua tikiti ya gari ambalo halijaundwa.

Aidha, nilimwonya kuhusu kliniki zinazotangaza kwamba zinatibu kila aina ya upofu kwa sindano za seli. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake watatu, waliougua aina nyingine ya ugonjwa wa retina, ambao walidungwa macho yote mawili siku moja kwa seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe katika kliniki moja ya Florida. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Walikwenda wakiwa wanaona kiasi, wakabaki karibu vipofu kabisa. Dalili ya kwanza ya kutilia shaka ni pesa: majaribio ya kweli ya dawa kwa kawaida hayamtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Dalili ya pili ni kudungwa macho yote mawili kwa mpigo. Mtafiti mwangalifu huanza na jicho moja.

Je, tukae tu tukisubiri? Hapana, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza nafasi. Kwa kuwa tiba zijazo zitahitaji seli zilizo hai, kila seli inayotunzwa leo ni akiba. Daktari wa macho amwone mgonjwa angalau mara moja kwa mwaka. Vitengo vya macho vipo katika Hospitali ya Rufaa ya Kenyatta, PCEA Kikuyu na katika hospitali nyingi za kaunti. Wagonjwa wengine huvimba maji katikati ya retina, na matone maalumu ya daktari hupunguza uvimbe huo. Wengi hupata mtoto wa jicho mapema, na upasuaji wake huwarudishia uwezo fulani wa kuona. Nimekutana na watu walioambiwa "macho yako hayana dawa" miaka mingi nyuma, wakakubali, kumbe sehemu ya giza lao ilikuwa mtoto wa jicho.

Vaa miwani ya jua na kofia yenye ukingo mchana. Acha sigara. Kuhusu vitamini A, utafiti wa mwaka 1993 ulidai kwamba dozi kubwa hupunguza kasi ya ugonjwa, lakini uchambuzi mpya uliochapishwa mwaka 2023 haukuiona faida hiyo. Dozi kubwa hudhuru ini, na kwa mwanamke mjamzito hudhuru mtoto tumboni. Usichanganye jambo hili na mtoto asiyeona usiku kwa kukosa vitamini A katika chakula. Huyo hutibiwa kwa vitamini na hupona, naye alishwe maini, mboga za majani na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Ndiyo maana mtoto yeyote anayepapasa jioni apelekwe hospitalini ajulikane ni lipi kati ya hayo mawili. Na kama mgonjwa pia hasikii vizuri, mwambie daktari, kwa sababu kuna aina inayoharibu macho na masikio pamoja.

Yule kijana alikuwa ameahidiwa pikipiki aanze kazi ya bodaboda. Nilimkataza kabisa, mchana na usiku, na hilo lilimuuma kuliko jina la ugonjwa. Mtu asiyeona ubavuni hamwoni mtoto anayevuka barabara. Sasa anasomea kazi ya kompyuta, akitumia programu inayosoma maandishi kwa sauti, akiwa bado anayaona. Fimbo nyeupe aliikataa mwanzoni kwa haya. Alianza kuibeba usiku tu, na anasema makanga waliomcheka siku ile ndio humshika mkono avuke. Amesajiliwa pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako aliyeajiriwa huweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato.

Mama ana watoto wengine watatu. Wavulana wawili walipimwa. Mmoja ana dalili za mwanzo, ana miaka 11, na mwalimu wake alikuwa akimwadhibu kwa kuchelewa kuingia bwenini jioni. Nimemwandikia mwalimu barua. Binti ni mzima wa macho, lakini huenda amebeba hitilafu kama mamake, na tumekubaliana kwamba atakapokua aelezwe waziwazi kabla ya kuolewa.

Na kaka yake mama, yule aliyesemekana amerogwa, aliletwa Nairobi mwezi wa nne. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa. Lilipasuliwa, na sasa anaona mlango na dirisha, na anajua ni mchana.